SOMO: NAFASI NA UKOMO KATIKA KOMPYUTA YA PAMOJA



Kila Katibu wa Chama cha Msingi anajua shida ya ghala lililojaa. Mahindi ya Ufipa yanapoteremka kutoka vijijini kwa wingi, mwenye gunia la mwisho hulala nalo nje, ingawa ni mwanachama sawa na aliyetangulia. Jambo hilo hutokea pia katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa diski moja. Tofauti ni kwamba gunia lililokosa nafasi huonekana mlangoni, bali kumbukumbu iliyokosa nafasi haionekani popote.

Nimewahi kukagua chama ambacho mizani ya siku mbili haikuwamo katika kompyuta. Karani alikuwa amevuka ukomo wake. Onyo lilitokea, naye akalifunga bila kulisoma. Ilibidi vikaratasi vya wakulima vikusanywe kimoja kimoja ndipo malipo yaandaliwe.

Somo hili linahusu kompyuta za mfumo wa Linux na jamii yake ya Unix.

1. Ukomo ni nini?

Chama huwa na ukomo wa madeni, unaopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, ili viongozi wasikope kupita uwezo wa wanachama. Ukomo wa diski una shabaha kama hiyo: mmoja asile nafasi ya wenziwe. Utaratibu huu uliingizwa katika Unix ya Berkeley, toleo la 4.2, mwaka 1983. Aliyeuandika ni Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia.

Ukomo ni wa namna mbili. Ukomo wa onyo waweza kuvukwa kwa muda wa msamaha, ambao katika Linux ni siku 7 msimamizi asipoubadili. Siku hizo zikiisha, huwezi kuongeza kitu mpaka upunguze. Ukomo wa mwisho hauvukwi kabisa. Aidha, yaweza kuwekewa ukomo si ukubwa wa majalada tu, bali hata idadi yake.

2. Jinsi ya kupima

Yapasa kuzijua amri tatu:

(a) df -h: huonyesha hali ya diski nzima, yaani ukubwa wake, nafasi iliyotumika na iliyobaki.

(b) quota -s: huonyesha fungu lako na ukomo wake. Ukiona alama ya nyota kando ya tarakimu, umevuka. Tazama siku za msamaha zilizobaki.

(c) du -sh *: huonyesha ukubwa wa kila folda na jalada mahali ulipo. Hii ndiyo humfichua mla nafasi.

Usitosheke na amri moja. Msimamizi aweza kugawa mafungu ambayo jumla yake inapita ukubwa wa diski. Kwa hiyo fungu lako laweza kuwa na nafasi, kumbe diski nzima imejaa. Kadhalika, usishangae df na du zikitofautiana. Jalada likifutwa hali programu fulani bado imelifungua, hutoweka katika orodha, lakini nafasi yake hairudi mpaka programu ile ifungwe. Ni kama mzigo uliofutwa katika leja huku magunia yangali ghalani.

3. Hesabu ya mfano

Tuseme fungu la chama ni megabaiti 500. Ikiwa picha moja ya stakabadhi iliyopigwa kwa simu ni megabaiti 4, picha 125 zitalimaliza fungu lote. Lakini mstari wa daftari la mizani wenye herufi 100, ukiandikwa kama maandishi matupu, huchukua baiti 100 tu. Megabaiti 1 hubeba mistari zaidi ya 10,000. Basi mara nyingi kinachojaza diski si mizani ya wakulima, bali picha na nakala zilizorudiwa.

4. Kabla ya kufuta

Kumbukumbu za chama si mali ya Katibu, na mkaguzi wa COASCO atazihitaji. Kwa hiyo:

(a) Pima kabla ya msimu, na kila Jumatatu msimu ukiendelea.

(b) Ondoa kwanza nakala zilizorudiwa.

(c) Nyaraka za misimu iliyopita zihamishiwe kwenye diski nyingine, zifunguliwe kuhakikisha kwamba zinasomeka, ndipo zile za awali zifutwe.

(d) Usiguse jalada la chama kingine, hata kama ndilo lililojaza diski. Mwarifu msimamizi.

(e) Ukihitaji nyongeza ya fungu, omba kwa barua yenye tarakimu ulizopima.

Maswali ya kujadili

1. Fungu la chama chenu ni kubwa kiasi gani, na nani hulipima?

2. Diski ikijaa mchana wa siku ya mizani, karani aandike wapi uzito wa mkulima anayesubiri?

3. Nani katika chama chenu ana idhini ya kufuta kumbukumbu, na idhini hiyo imeandikwa wapi?