Kompyuta Inayokwama

Katika shule nyingi siku hizi majina ya wanafunzi na alama zao za mitihani huandikwa ndani ya kompyuta. Siku moja mashine inakwama. Katibu anabonyeza, hakuna kinachofunguka. Mshale mdogo pengine bado unatembea juu ya kioo, lakini kazi haiendi. Baada ya dakika moja au mbili inaamka, inafanya kazi kidogo, kisha inakwama tena. Watu husema: «Imekufa.» Sivyo. Mara nyingi haikufa, inangoja tu.

Inangoja nini? Mfikirie karani aliye na ghala la madaftari. Yeye ameketi mezani. Akihitaji daftari, anamtuma mjumbe ghalani. Daftari likiwa zima, mjumbe anarudi upesi. Lakini kama mchwa wamekula ukurasa, mjumbe anajaribu kuusoma, hawezi; anajaribu tena, na tena, kwani hataki kurudi mikono mitupu. Wakati huo karani anakaa, kalamu mkononi, bila kazi. Karani ni kompyuta. Ghala ni diski, yaani chombo kinachotunza maandiko hata umeme ukikatika. Na mshale? Kuutembeza si lazima kutuma mtu ghalani.

Diski nyingi zina sahani ngumu zinazozunguka, mara 5400 au 7200 kwa dakika moja. Kichwa kidogo kinapita juu ya sahani pasipo kuigusa, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba mno: unywele wa mtu unaizidi unene mara elfu nyingi. Basi diski haifunguliwi nyumbani. Chembe ya vumbi kwake ni kama jiwe kubwa njiani. Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa Marekani na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61, na zote pamoja zilitunza herufi milioni 5 tu! Siku hizi ziko pia diski zisizo na sahani wala kichwa. Hizo zaweza kufa kimya, bila kutoa sauti.

Sasa tumtazame fundi aliyeitwa katika ofisi ya shule. Katibu akamwambia: «Fundi, tengeneza upesi, mitihani iko karibu.»

Fundi akajibu: «Uvumilie, Mwalimu. Kwanza tuokoe maandiko, kutengeneza ni baadaye.»

Alisema vema. Kutengeneza kunaifanyisha diski mgonjwa kazi nyingi, nayo huenda ikafa katikati, na majina yote yakapotea.

Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili: moja ya kuiwashia, nyingine ya maandiko. Fundi aliizima, akachomoa waya wa umeme, akafungua sanduku. Akaitenga diski ya pili, kisha akawasha. Kompyuta haikukwama. Kumbe ugonjwa uko upande ule! Lakini ni diski, au ni waya wake? Akazima tena, akairudisha diski ile ile kwa waya mpya. Kompyuta ikakwama kama zamani. Hapo akajua. Kama angalibadili waya na diski kwa mara moja, asingalijua kosa ni la nani.

Akaanza kunakili katika diski nyingine: alama za mitihani kwanza, kisha majina, picha za sikukuu mwisho. Mahali palipokataa kusomeka aliparuka, akaparudia baada ya yote. Kazi ilichukua usiku mzima. Picha chache hazikupatikana.

Ingekuwa diski inalia «ka! ka! ka!», fundi asingalinakili kitu. Angaliizima mara moja na kuipeleka kwa wale wenye chumba kisicho na vumbi. Kazi yao ni ghali, wala hawaokoi yote kila mara.

Maulizo

1. Kwa nini mshale waweza kutembea wakati kompyuta imekwama?
2. Kwa nini fundi hakutengeneza kwanza?
3. Kama waya mpya ungaliondoa ugonjwa, kosa lingalikuwa wapi?
4. Katika ofisi ya shule yenu, mngeokoa maandiko gani kwanza?