SOMO: Barua Pepe Inapokataa Kutoka Tukiwa Safarini



Robo iliyopita taarifa ya mradi wa maji iliwafikia wafadhili siku tisa baada ya tarehe tuliyokubaliana. Tuliiandika kwa wakati. Tuliituma tukiwa nyumba ya wageni, tukafunga kompyuta tukiamini imekwenda. Kumbe ilibaki kwenye kikasha cha barua zinazosubiri kutumwa, na fedha za mabomba zikasubiri pamoja nayo. Tunaomba radhi, na tunawashirikisha tulichojifunza.

Kwa nini hutokea?

Barua pepe huingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine. Katika kupokea, kompyuta hutoa neno la siri, kwa hiyo tulipokea barua popote tulipokwenda. Katika kutuma, kompyuta yetu ilipitia seva ya kampuni iliyotuletea intaneti ofisini. Seva hiyo ilimtambua mteja kwa sababu tu yumo ndani ya mtandao wake. Tulipohamia mtandao mwingine ilituona wageni, ikatukataa. Isitoshe, mitandao mingi hufunga mlango namba 25, unaotumiwa na barua pepe tangu zamani, ili kuzuia barua taka.

Tufanye nini?

1. Tumia seva ya kutuma ya yule anayetunza anwani yako ya barua pepe, si ya mtandao uliopo kwa siku hiyo.
2. Ruhusu programu itoe jina na neno la siri wakati wa kutuma pia.
3. Weka mlango namba 587, uliopangwa kwa kazi hii mwaka 1998, au 465. Chagua ulinzi wa TLS ili neno la siri lisisomwe njiani.
4. Kabla ya kuzima kompyuta, hakikisha barua imo kati ya zilizotumwa. Kwa taarifa za fedha, mwombe mpokeaji athibitishe.

Mpangilio huu hufanywa mara moja tu. Baada ya hapo kompyuta husafiri bila kubadilishwa chochote. Ukikwama kabla ya kuurekebisha, fungua barua pepe yako kupitia tovuti ya anayeitunza, utume kutoka huko.

Tunawaomba makatibu wa sharika wajaribu hatua hizi kabla ya taarifa za robo ijayo. Luka 16:10 inatukumbusha kuwa uaminifu huanzia katika mambo madogo kama haya.