Gari Lako Litalala Wapi? Nasaha kwa Wapangaji wa Arlington, Texas

Sababu ya kijitabu hiki

Kwa kuwa malalamiko ya wapangaji walioamka alfajiri wasiyaone magari yao pale walipoyaacha usiku yamezidi kutufikia, na kwa kuwa wengi wao ni ndugu zetu wasemao Kiswahili, waliohamia huku juzijuzi kutoka Kongo, Kenya na kwingineko, tumeona ni faradhi kuyaandika haya waziwazi, ijapokuwa ofisi hii ilikwisha kuyanena mapema, na wala haikusikilizwa. Arlington, mji uliopo baina ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya njia na saa maalumu. Tangu 2017 upo usafiri wa gari dogo la kuagizwa kwa simu, lakini afanyaye zamu ya usiku ghalani hataki kuiweka riziki yake yote juu ya simu. Fleti isiyo na mahali pa kuegesha, basi, si maskani kamili.

Kabla ya kutia sahihi

Usiuridhie mkataba kwa kughurika na jiko jipya au bwawa la kuogelea. Mwulize msimamizi, kwa adabu na bila ya kuona haya:

- Kila fleti imeruhusiwa magari mangapi?
- Nafasi zina nambari, au ni za atanguliaye?
- Banda la gari limo katika kodi, au hulipiwa mbali kila mwezi?
- Mgeni ataegesha wapi, na kwa muda gani?

Kisha urudi siku ya kazi, saa 4 usiku, uutazame uwanja kwa macho yako, kwani ule ulioonyeshwa saa 5 asubuhi, wapangaji wakiwa kazini, hauna ushahidi wowote.

Sheria ya Mali ya Texas, kifungu cha 92.0131, humlazimu mwenye jumba la fleti kukupa nakala ya masharti ya kuegesha na kuvuta magari kabla mkataba haujatiwa sahihi. Yakiwamo ndani ya mkataba, tafuta kichwa chenye neno “Parking”, kilichoandikwa kwa herufi kubwa au nene, au kilichopigiwa mstari. Usipokiona, kalamu iweke chini.

ONYO: lori la kuvuta halikungoji

Bango lililosimikwa langoni, lenye alama nyekundu ya gari likivutwa, ni ilani iliyotimia kisheria. Hapana atakayekuja kukubishia hodi. Anayeegesha kwenye ukingo mwekundu wa zimamoto, au katika nafasi ya jirani, au bila stika palipoamriwa stika, huvutwa usiku uleule, hata akidai kwamba alipanda ghorofani kuteremsha magunia mawili ya unga tu. Kwa usajili wa gari uliokwisha muda peke yake, hupewa kwanza ilani ya maandishi ya siku 10. Twarudia: kwa hayo mengine, hakuna siku 10, wala siku moja.

Gari likiisha kuchukuliwa

Ukilikuta lorini, halijatoka uwanjani, una haki ya kulidai palepale, huenda kwa kulipa ada ya kulishusha. Likiisha kwenda, usiende kugombana na dereva: piga simu kwa polisi, ujue limepelekwa yadi gani, ukalikomboe upesi, maana ada ya kulihifadhi huongezeka kila siku. Kulipa hakukunyimi haki. Waweza kuomba shauri lisikizwe katika mahakama ya hakimu wa amani wa eneo lilikoondolewa gari, mradi ombi lifike kabla ya siku ya 14, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali. Piga picha za bango, stika na mahali lilipokuwapo. Tunza stakabadhi zote. Twarudia: kabla ya siku ya 14. Akawiaye haki yake imepotea, na machozi hayairudishi.

Masharti ya kukubaliwa

Kipato, historia ya mikopo na ada ya maombi hutegemea jumba, uliza. Mwenye ulemavu aweza kuomba nafasi iliyo karibu na mlango wake, chini ya sheria ya haki ya makazi ya 1968.

Ofisi hii imekwisha kuitimiza amana yake, tena kwa lugha isiyo na fumbo. Atakayevutiwa gari baada ya leo asije kutuambia kwamba hakuonywa.