Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Bingwa uwanjani, nyumbani je?



Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifariki Eldoret, Kenya, siku chache baada ya mwanaume aliyewahi kuishi naye kummwagia petroli na kumchoma moto. Tuliumia wengi.

Sasa jiulize: na kama mpigaji ndiye mchezaji unayemshangilia? Bondia Floyd Mayweather alifungwa jela 2012 kwa kumpiga mama wa watoto wake. Mwaka 2015 pambano lake na Pacquiao likavunja rekodi ya mapato. Mashabiki walilipa.

Hata huku kwetu, mfungaji wa timu ya kijiji akimpiga mkewe tunasema, "Hayo mambo yao ya ndani, mwacheni acheze."

Mtume (s.a.w.) hakuwahi kumpiga mwanamke. Na ametufundisha kumsaidia ndugu yetu anayedhulumu kwa kumzuia asidhulumu. Kumfichia siyo kumsaidia.

Je, akitubu? Mlango wa toba uko wazi. Lakini haki ya mja hailipwi kwa mabao. Aache, akiri, amuombe radhi aliyemuumiza. Msamaha huo ni wa yule mama, sisi mashabiki hatuna mamlaka ya kuutoa. Toba yake ikionekana nyumbani, tumpokee.

Kazi ya leo: unajua nyumba yenye kilio? Hakikisha kwanza mama yuko salama, msindikize kwa wazee wake au dawati la jinsia polisi. Mpira utasubiri.

Allah azitengeneze nyumba zetu. Amin.