Shahada ya Saikolojia: Piga Hesabu Kabla ya Kujaza Fomu

Kijitabu kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita, Kibiti na delta ya Rufiji

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu huanza kulia kutoka Mbwera hadi Mbagala. Kila ndugu aliye mjini ana kozi yake ya kupendekeza. Siku hizi saikolojia nayo inatajwa, hasa kwa vijana waliosoma michepuo ya sanaa, na sababu yake inaeleweka. Mauaji ya mwaka 2017 yaliacha wajane na yatima katika vijiji vya Kibiti na Rufiji. Mafuriko ya 2024 yalizamisha nyumba na mashamba ya mpunga, watu wakahamia kambini. Kijana anayesema anataka kusomea saikolojia ili aje awahudumie watu wa kwao ameona jambo la kweli.

Ila uhitaji ni kitu kimoja na ajira ni kitu kingine. Mshahara hautokani na wingi wa shida. Unatokana na nafasi iliyoidhinishwa na kutengewa fedha. Zahanati ya kijiji huendeshwa na tabibu na muuguzi, na mwanasaikolojia hayumo katika ikama yake. Shuleni, kazi ya unasihi kwa kawaida hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake, na haiji na mshahara wa pili. Kwa hiyo mzazi anayepiga hesabu asiangalie ni watu wangapi wanahitaji msaada. Aangalie nani atamlipa mwanawe kwa kuutoa.

Shahada gani hasa?

Jina la kozi linaweza kumpoteza mtu. Katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, saikolojia ya shahada ya kwanza inapatikana ndani ya shahada ya elimu. Hapo swali la kuuliza chuoni kabla ya kulipa hata shilingi ni hili: je, mhitimu anatoka na somo la kufundishia sekondari, au anatoka na saikolojia peke yake? Mwenye somo la kufundishia anaweza kuomba ualimu nafasi zinapotangazwa. Asiye nalo anabaki na mlango mmoja.

Wengi hufikiri kwamba miaka mitatu ya chuo itamfikisha kijana kwenye chumba cha ushauri pale Muhimbili au katika hospitali ya Mirembe, Dodoma. Haiko hivyo. Saikolojia ya tiba husomwa katika shahada ya uzamili, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinaifundisha katika ngazi hiyo. Anayelenga hospitali basi ajumlishe gharama za shahada mbili, na ajue mapema kwamba uzamili mara nyingi mtu hujilipia mwenyewe.

Kuna njia fupi ya kujua soko. Ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tafuta matangazo ya kazi ya miaka michache iliyopita, hasa ya Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii. Soma sifa za mwombaji neno kwa neno. Shahada unayoitaka imetajwa kwa jina? Kama tangazo baada ya tangazo linataka ustawi wa jamii au sosholojia, umeshapata jibu bila kumuuliza mtu.

Gharama zinazoanzia kijijini

Watu wa delta hulipa kabla hawajafika chuoni. Kijana wa Kiongoroni au Salale anayetaka kujaza maombi ya mkopo anahitaji intaneti ya uhakika, na hiyo huenda akaifuata Nyamisati, Bungu au Kibiti mjini. Kuna nauli ya boti, nauli ya gari, malipo ya mwenye duka la steshenari anayemjazia, na pengine kulala kwa ndugu kwa sababu maji yamekupwa na boti haitoki.

Kinachowakwamisha wengi ni vyeti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Yatima naye anatakiwa kuwa na cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Katika vijiji vyetu watu wengi huzikwa bila kifo chao kuandikishwa. Miaka inapita, halafu mtoto anafika kidato cha sita akiwa yatima ambaye kila mtu kijijini anamjua, lakini kwenye karatasi baba yake bado yu hai. Anapoteza sifa ambayo ingempa kipaumbele cha mkopo. Shughulikieni hili mtoto angali kidato cha tano. Mtendaji wa kijiji anajua pa kuanzia. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF nayo ihifadhi uthibitisho wake, kwa maana Bodi inautambua.

Halafu kuna gharama isiyo na risiti. Kijana akienda chuo miaka mitatu, mtumbwi unapungukiwa mtu, na msimu wa mpunga dungu linakosa mlinzi. Kama mchango wake ndio ulikuwa unalipa mahitaji ya wadogo zake, pengo hilo nalo liandikwe kwenye hesabu, hata kwa kukadiria.

Mkopo na mshahara

Mkopo wa Bodi si ruzuku. Tufanye hesabu ya mfano tu. Viwango halisi mvipate kwa chuo husika na kwa Bodi. Tuseme ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 240 inafika 2,400,000. Ongeza 200,000 za vitabu na viandikwa. Mwaka mmoja ni 3,900,000, na miaka mitatu ni 11,700,000. Si wote hupewa kiasi chote hiki. Aliyepewa nusu, nusu nyingine inatoka kwenye korosho, ufuta au kamba wa nyumbani.

Sasa tuseme kijana amepata kazi serikalini kwa mshahara wa shilingi 800,000. Hicho si kiwango rasmi, tumekichagua kwa wepesi wa hesabu. Mfuko wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi ya mapato ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 24,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, inakata 120,000. Jumla ya makato ni 252,000, mkononi zinabaki 548,000. Humo mna kodi ya chumba, nauli, chakula, na wadogo zake wanaosubiri madaftari.

Kwa makato hayo deni la 11,700,000 linakwisha kwa zaidi ya miaka minane. Mshahara ukipanda, makato yanapanda na muda unafupika. Ahueni moja ni kwamba tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Ingekuwepo, mwaka wa kwanza peke yake ingemeza karibu nusu ya makato ya kijana huyu.

Asiyepata ajira rasmi naye anadaiwa. Muda wa kusubiri ni miezi 24 baada ya kuhitimu. Baada ya hapo aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mtu anayeuza samaki Nyamisati huku akisubiri usaili, laki moja si pesa ndogo.

Kama bado anaitaka

Hatusemi asisome. Mwenye wito huu, na ambaye familia inaweza kumsubiri, aende akijua. Mwenye haja ya kipato cha mapema apime kwanza stashahada ya ustawi wa jamii au ya afya, ambayo ni fupi na nafasi zake zinajulikana kwenye halmashauri. Saikolojia ataiongeza akiwa kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kinamruhusu mtu kusoma bila kuacha shughuli zake.

Aliyekwisha kudahiliwa na anaona amekosea kozi asikae kimya hadi mwaka wa pili. Aende ofisi ya udahili wiki za mwanzo aulize utaratibu wa kuhama, na aulize pia mkopo wake utahamaje. Aliyekwisha kuhitimu na hana kazi, Bodi imfahamu kabla miezi 24 haijaisha: anapatikana wapi, anafanya nini, anaweza kulipa kiasi gani.