Dondoo muhimu: Kuoanisha picha na kutenga kinachosogea
Kwenye picha za kutoka juu, mapaa ya mabati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, yanafanana mno, na migomba ya Isingiro ndiyo kabisa. Kwa hiyo programu ya kuoanisha picha huweza kuoanisha paa moja na la jirani kimakosa. Ukitumia SIFT, njia ya kutafuta alama bainifu kwenye picha, bakiza jozi tu ikiwa umbali wa mlingano bora wa kwanza haufiki 0.8 ya ule wa pili, kipimo cha David Lowe, mbunifu wa SIFT, cha mwaka 2004. Kisha RANSAC, njia ya kutupa jozi zisizoafikiana na nyingine, ichuje zilizobaki. Tegemea njia panda na pembe za majengo. Usitegemee ukingo wa ziwa, kwani huhama na mvua.

Ili kutenga kinachosogea kwenye video ya barabarani Mbarara, funga simu kwenye stendi. Ikitikisika, ukuta nao utaonekana unasogea pamoja na bodaboda. Huna stendi? Oanisha fremu kwanza, ndipo utoe tofauti kati yake.