Sabuni ya Nyumbani: Chupa ya Kinywaji Isiwekwe Kemikali

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazotengeneza sabuni za kutumia au za kuuza

SOMA HAPA KWANZA

Chupa ya soda, chupa ya maji, jagi, kikombe, kopo la maziwa ya unga: usiweke humo kostiki, asidi ya sabuni, wala sabuni ya maji. Hata kwa usiku mmoja. Hata ukiandika juu yake kwa herufi kubwa. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, na mgeni aliyeamka usiku na kiu hawashi taa ili asome.

Kama una muda wa kusoma ukurasa mmoja tu, basi ni huu.

KWA NINI TUNARUDIA NENO HILI

Visa vya watoto wanaoletwa kwetu baada ya kumeza kemikali vinafanana. Mama amejifunza kutengeneza sabuni kwenye kikundi. Amenunua kostiki, ameikoroga kwenye maji, ameambiwa aiache ilale mpaka kesho ipoe. Jioni ndoo inatakiwa kwa kufulia, basi anaimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, anafunga kizibo, anaiweka nyuma ya mlango. Ikishapoa haina rangi. Haina harufu. Mtoto anarudi kucheza akiwa na kiu, na funda moja linatosha.

Mama huyo si mzembe. Alifunga kizibo, akaweka pembeni. Kosa ni chupa.

Wengi wa watoto hao hawafi siku hiyo, na hapo ndipo wazazi wanapodanganyika. Mtoto analia, anatoka udenda, midomo inavimba, baada ya siku chache anaonekana nafuu. Lakini kidonda cha ndani kikianza kupona, njia ya chakula husinyaa. Wiki kadhaa baadaye hamezi ugali. Kisha uji nao unakwama. Wengine hufika mahali hata mate hayapiti. Hapo ni safari za hospitali kubwa kupanuliwa njia ya chakula, tena na tena, na wengine hulishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Nauli peke yake inamaliza faida yote ya sabuni.

Chupa ya kinywaji isiwekwe kemikali.

KAMA UNAANZA, ANZA NA SABUNI YA KUYEYUSHA

Siku hizi madukani kuna sabuni ghafi inayouzwa kwa vipande vikubwa, nyeupe au ya kung'aa kama kioo. Wauzaji huiita besi. Kostiki yake imeshamaliza kazi kiwandani, kwa hiyo wewe huigusi kabisa. Unayeyusha, unatia harufu na rangi, unamimina kwenye umbo, basi. Ni ghali kuliko kuanza na mafuta na kostiki, hilo ni kweli. Lakini kwa nyumba yenye watoto wadogo, sisi tunakushauri ulipe hiyo tofauti.

Ikate vipande vidogo. Viweke kwenye bakuli la chuma, na bakuli likae ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Bakuli lisiguse moto lenyewe. Koroga polepole. Ikishakuwa majimaji tu, ipua. Usiiache ichemke: itatoa povu, itaungua, na itakurukia. Harufu ya kupaka mwilini isizidi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya sabuni. Zaidi ya hapo watu wanawashwa, na watoto wachanga ndio wa kwanza.

Sabuni iliyoyeyuka si sawa na maji ya moto. Maji hutiririka yakaondoka. Sabuni huganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kwa hiyo jiko la mkaa lisiwe sakafuni mtoto anapotambaa. Mkono wa sufuria uelekee ukutani. Usimbebe mtoto mgongoni wakati wa kumimina. Usimtume mtoto akushikie umbo. Na usiliwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama nje kuna mvua. Hewa yake inaua watu wakiwa wamelala.

Ukanda wa pwani sabuni hii hutoka jasho kwa unyevu. Haijaharibika. Ifunge kwenye nailoni mara tu ikipoa.

USICHANGANYE NA MKOROGO

Tunajua wapo wanaoponda vidonge, au kukamulia krimu za kung'arisha ngozi ndani ya sabuni, halafu wakaiuza kama sabuni ya asili. Acha. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nyingine zina dawa ambazo hutolewa kwa cheti cha daktari. Ndimu mbichi nayo usitie: ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huungua na kubaki na mabaka.

Usitie rangi ya nguo.

UMBO LA SABUNI LISIWE LA CHAKULA

Sabuni ya kung'aa, yenye rangi nyekundu na harufu ya stroberi, ikagandishwa kwenye trei ya barafu, kwa mtoto hiyo ni peremende. Haitamchoma kama kostiki, lakini inaweza kumkaba. Tumia umbo la mche au duara la kawaida. Trei ya sabuni ibaki ya sabuni, isirudi kwenye friji. Ni neno lile lile: chombo cha chakula kibaki cha chakula.

KWA WANAOENDELEA NA KOSTIKI

Vaa glavu, miwani na viatu vya kufunika, kandambili haitoshi. Fanya kazi nje, watoto wakiwa kwa jirani. Tia kostiki kidogo kidogo kwenye maji ya baridi. Usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu inachemka ghafla na kuruka usoni. Usitumie sufuria ya alumini, inaliwa na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ngumu ya plastiki yenye mfuniko, na ndoo hiyo isirudi tena kuchotea maji.

Ikilala, ilale kwenye ndoo hiyo hiyo, ndani ya chumba cha kufungwa kwa ufunguo. Huna chumba cha kufunga? Basi usiikoroge siku hiyo.

Chupa ya kinywaji isiwekwe kemikali.

SABUNI YA MAJI

Hili litawaudhi wafanyabiashara, lakini tutalisema. Kuuza sabuni ya maji kwenye chupa zilizookotwa za maji na soda ni tabia ile ile. Sabuni ya kijani au ya njano ndani ya chupa ya soda haina tofauti na soda. Nunua chupa tupu za sabuni, zipo. Mteja akija na chupa yake ya juisi, mkatalie. Asidi ya sabuni, ile nzito ya rangi ya asali, ibaki kwenye dumu ulilonunulia, na usikubali muuzaji akupimie kwenye chupa ya maji.

MAFUTA YA TAA, DAWA YA CHOO, DAWA YA KUPULIZIA MAZAO

Vivyo hivyo.

IKITOKEA

Amemeza: usimtapishe. Usimtie kidole. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, ndimu, wala maji mengi. Akitapika, kemikali inapita kooni mara ya pili na kuchoma tena. Msukutue mdomo kwa maji safi, ateme. Mtoto mchanga mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji. Muwahishe kituo cha afya hata kama ameacha kulia.

Jichoni: maji safi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, si chini ya dakika 20, kisha hospitali.

Kwenye ngozi: kama ni ungaunga, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Vua nguo. Maji mengi, dakika 20. Aliyeungua kwa sabuni ya moto naye ni maji ya baridi dakika 20. Hakuna dawa ya meno, yai, asali, unga, wala mafuta ya breki.

Usisubiri asubuhi. Panda bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote kilicho karibu. Na ile chupa aliyonywea ifunge vizuri, uende nayo, ili mhudumu ajue ni kitu gani.